Nilivyovuka maji kwenda Kitunda kwa mama

Ukisimama gatini Lindi mjini, Kitunda unaiona kwa macho. Watoto wanavuka, wachuuzi wa samaki wanavuka, vikongwe wanavuka na kuku wao kwenye tenga. Mimi nilikuwa nazunguka kwa barabara kupitia Mnazi Mmoja, gari kisha bodaboda, nakula vumbi nusu siku ili nikamwone mama yangu aliye ng'ambo pale.

Nilikuwa na miaka 9 hofu yangu ya kuvuka maji ilipoanza. Tulikuwa na shangazi kwenye mtumbwi, kusi likachafuka, maji yakaingia hadi magotini. Upepo ukatusukuma kwenye mikoko, tukashuka salama sote. Lakini tangu siku ile harufu tu ya gati ilinitosha: moyo mbio, viganja vinalowa, koo linakauka, miguu inageuka yenyewe. Wapo waliosema nina jini la baharini. Mjomba, kwa nia njema kabisa, alinipakia kwa nguvu nilipofika miaka 17, eti nizoee. Nililia njia nzima, nikatapika, na baada ya hapo hata ufukweni sikukanyaga tena. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu bado nawaona watu wazima wakiwatupa watoto majini kwa mtindo uleule. Mtoto yule hajifunzi kwamba maji hayana neno. Anajifunza kutowaamini waliomtupa.

Masika ya mwaka jana mama alizidiwa na presha usiku. Barabara ilikuwa tope tupu, nikafika kesho yake alasiri. Nilimkuta ana nafuu, ila majirani ndio waliokesha naye. Wiki hiyohiyo nilikwenda hospitali nikauliza wanaoshughulika na afya ya akili wanakaa wapi.

Nilipokewa na muuguzi, mama wa makamo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, "Mwanangu, hofu hii unailisha bila kujua. Kila ukigeuka nyuma moyo unatulia, na mwili unaamini kugeuka ndiko kulikokuokoa. Kesho utageuka mapema zaidi." Hakuniandikia dawa. Alinisimulia habari za mtoto wa Marekani aliyeitwa Peter, aliyeogopa sungura. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones aliandika jinsi alivyomsaidia: mtoto akiwa anakula chakula anachokipenda, sungura anawekwa mbali ndani ya kizimba, siku nyingine anasogezwa kidogo, hadi mtoto akamshika kwa mkono wake. Baadaye daktari wa Afrika Kusini, Joseph Wolpe, akaijengea njia hiyo utaratibu, na kitabu chake kikatoka mwaka 1958. Sikujua kama kuna watu walioumiza vichwa miaka yote hiyo juu ya hofu kama yangu. Nilitoka pale nimepungukiwa na mzigo wa aibu, kabla hata sijagusa maji.

Tukapanga ngazi kwenye daftari. Chini kabisa, kukaa gatini na kutazama vyombo. Halafu maji ya kifundo, maji ya kiuno, kukaa kwenye mtumbwi uliofungwa, kusogea kidogo na kurudi, kuvuka nikiwa na mtu, mwisho kuvuka peke yangu. Kila ngazi naipa hofu yangu alama, 0 hadi 100. Kabla ya kuanza naandika ninachodhani kitanipata, nikimaliza naandika kilichonipata kweli. Sharti lilikuwa moja: nisiondoke hofu ikiwa juu.

Mtumbwi uliofungwa ndio ulionitoa jasho. Nahodha mmoja, mzee mpole, aliufunga kwenye kigingi maji yakiwa yanajaa, akakaa pembeni akitengeneza nyavu zake. Niliandika: "Utapinduka, nitashindwa kupumua." Alama 90. Nikaingia. Kila wimbi lilipougonga ubavu, kamba ililia kwenye kigingi na tumbo langu likapanda kifuani. Nikafumba macho, nikang'ang'ania ukingo. Muuguzi akasema, "Fumbua macho. Achia mkono mmoja." Hapo nilikaribia kumchukia. Nikaachia. Nikaanza kuona vitu: magamba meupe yaliyoganda kwenye kigingi, kaa mdogo anapanda na kushuka, maji ya kijani yanaingia chini ya ubao na kutoka. Baada ya robo saa, 80. Baada ya nusu saa, 55. Ilipokaribia saa nzima, 30, na nilikuwa namuuliza mzee bei ya nyavu. Jioni nikaandika: "Mikono ilitetemeka. Nilipumua."

Nilimuuliza muuguzi kama jaketi okozi nalo ni la kuachia. Akakataa kabisa. Jaketi ni usalama wa kweli, kila mwenye akili avae. Cha kuachia ni yale ninayoyafanya kuibembeleza hofu: kufumba macho, kushika mkono wa mtu, kuhesabu kimoyomoyo.

Tusichanganye hofu zote, lakini. Wifi yangu huzimia akiona sindano, na yeye alifundishwa jambo la ziada: kukaza misuli ya mikono, miguu na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, kulegeza kidogo, kisha kurudia. Kwa watu kama yeye presha hushuka ghafla, na kukaza huko huirudisha juu. Kumwambia alegee ni kumsaidia kuanguka.

Wiki ya tisa nilivuka peke yangu. Mama alikuwa anapepeta mchele uani. Akaniuliza kama kawaida, "Gari limekusumbua?" Sikujibu. Akatazama pindo la khanga yangu lililolowa, akaweka ungo chini, akaligusa, kisha akaonja kidole.

Kusi lilipokaza sikuvuka kwa miezi miwili, na niliporudi gatini alama ilikuwa 60. Nililia, nikidhani kazi yote imepotea. Muuguzi akanirudisha kwenye mtumbwi wa mzee, safari hii kwa siku mbili tu. Sasa kila Jumamosi bahari ikiwa imetulia navuka, hata kama mama hana shida yoyote. Jumamosi ijayo nampelekea dawa zake za mwezi.