Tasnifu ya katani: namba huharibika kabla sampuli haijafika kwenye mashine

Katani inamfaa sana mwanafunzi wa uzamili wa uhandisi mitambo hapa kwetu. Iko Tanga tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoileta mwaka 1893, bei yake si ya kutisha, na maswali bado yapo. Taabu ni kwamba watu hutumia mwezi mzima kuitafuta mashine ya kuvutia sampuli, halafu bamba lenyewe, la singa (nyuzi) za katani zilizoshikwa na rezini ya plastiki, wanaliunga mchana mmoja.

Anza na unyevu. Singa za katani zikikaa kwenye hewa ya pwani hubeba maji karibu asilimia 10 ya uzito wake. Ukizipima hivyo, umepima na maji, na hesabu ya kiasi cha singa imeshapotoka. Maji hayohayo huizuia rezini ya poliesta isishike singa vizuri. Kama unazitibu kwa magadi makali (NaOH), asilimia 5 inatosha: gramu 50 kwa gramu 950 za maji, saa mbili hadi nne. Kuongeza ukali ili zisafike zaidi ni kosa, maana magadi huanza kuila singa yenyewe. Suuza mpaka pH ifike 7, kausha kwenye oveni ya nyuzi joto 80 za Selsiasi, na upime kila baada ya saa chache hadi uzito usibadilike. Usiende kwa saa, nenda kwa mizani. Zikitoka, ziingie kalibuni siku hiyohiyo.

Kalibu ya milimita 300 kwa 300 kwa 3 ina ujazo wa sentimita za ujazo 270. Ukitaka singa asilimia 30 kwa ujazo, hizo ni 81. Zidisha kwa densiti ya singa, gramu 1.45 kwa sentimita ya ujazo, unapata gramu 117. Rezini ni 189 zilizobaki mara densiti yake ya 1.2, yaani gramu 227 hivi. Changanya 270, kwa sababu nyingine itabaki koponi na kwenye brashi. Kigumishi cha MEKP asilimia 1 ni gramu 2.7. Kwa joto la Dar, ukizidisha, rezini itaganda hujamaliza kupiga rola. Na kama kobalti, kiharakishi cha kuganda, haijatiwa kiwandani, itie kwanza, koroga, ndipo uweke MEKP. Viwili hivyo visikutane vitupu hata tone: hulipuka.

Bamba likikauka, usilikate bado. Pima densiti yake. Kwa mchanganyiko huo ilitakiwa iwe 1.275; ukipata 1.21, asilimia 5 ya bamba lako ni viputo vya hewa. Wengi hawaifanyi hesabu hii, kisha wanaandika kurasa tatu kueleza kwa nini magadi "yalipunguza" nguvu.

Sampuli ya ASTM D3039, kiwango cha jaribio la kuvuta, kwa singa zilizotawanywa ovyo ni milimita 250 kwa 25 kwa 2.5, na unahitaji angalau tano kwa kila hali. Bamba letu la milimita 3 linakubalika, mradi upime unene halisi sehemu tatu za kila sampuli. Funika taya za mashine kwa msasa ili zisiteleze. Sampuli ikikatikia mdomoni mwa taya mara kwa mara, taya zimebana mno au hazijanyooka. Matokeo hayo usiyachanganye na mengine.

Kosa linalonikera zaidi ni la moduli ya Young, kipimo cha ukakamavu: mkazo ugawanywe kwa uwiano wa urefu ulioongezeka na urefu wa awali. Tuseme mkazo ni MPa 40 na urefu kati ya taya ni milimita 150. Sampuli yenye moduli ya GPa 5 itarefuka milimita 1.2. Lakini mashine, taya na msasa navyo hulegea, tuseme milimita 0.6, na kompyuta inaandika 1.8. Ukigawanya unapata GPa 3.3, theluthi nzima imepotea na grafu bado inapendeza. Funga ekstensomita, kifaa kinachopima kurefuka kwenye sampuli yenyewe. Kama maabara haina, bandika geji ya mnyumbuko (strain gauge) kwenye sampuli mbili tatu, ujue mashine inakudanganya kiasi gani, na uyaandike masahihisho hayo kwenye sura ya mbinu. Mtahini wa nje huanzia hapo kuuliza.