Jinsi nilivyochora mafuriko bila kuchora maji

Kazi yangu ya mchana ni kupuliza rangi magari katika gereji moja ya Industrial Area. Mteja huleta gari lenye mlango uliokwaruzwa, nami huchanganya rangi mpaka mlango ufanane na boneti. Jioni nachora picha zisizo na mtu, nyumba wala mti. Rangi tupu. Mama huziita "zile mbao zako".

Aprili 2024, masika yalipoizidi Nairobi, maji yaliingia usiku kwa dada yangu, Eastlands, karibu na mto. Watoto walitoka salama, namshukuru Mungu. Godoro, unga na madaftari vilikwenda. Siku mbili tuliyachota maji kwa mabeseni. Niliporudi kwangu nilitaka kuyachora niliyoyaona, na hapo nikakwama karibu miezi mitano.

Kosa langu lilikuwa buluu. Niliwaza maji, mkono ukaenda kwenye mkebe wa buluu wenyewe. Turubai nzima nikaipaka samawati, nikaongeza michirizi myeupe, na nilipomaliza nilikuwa nimechora ufuo wa Diani. Yale maji ya kwa dada hayakuwa na tone la samawati. Yalikuwa chai ya maziwa iliyomwagiwa majivu.

Shangazi alipopita kunisalimu akaiangalia ile picha muda mrefu, kisha akauliza, "Na hii ni rangi ya nini, mwanangu?"

Nilikosa jibu. Wachoraji wa picha kama zangu hupenda kusema kwamba rangi inajitosheleza, haihitaji kuwa ya kitu. Nimeyasema hayo mwenyewe, hasa mbele ya wageni. Lakini lugha yetu haikubaliani nasi. Tunazo -eupe, -eusi na -ekundu zinazosimama kwa miguu yao. Nyingine nyingi tumezichukua kwa vitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, zambarau ni tunda, manjano ni kiungo cha mchuzi, na maji ya kunde ni maji ya kunde. Kumbe shangazi hakuwa akiniuliza nimechora nini. Alitaka kujua rangi ile nimeitoa wapi.

Basi nikarudi kwa dada na ndoo mbili.

Uani kwake tope lilikuwa limeacha gamba jekundu juu ya ardhi nyeusi. Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu, na upande ule udongo ni mwekundu. Ukishuka mashariki ya jiji unakutana na ule mweusi unaonata, ambao wajenzi huuita blaki kotoni. Mafuriko yalikuwa yamebeba ardhi ya watu wengine na kuitandaza mlangoni kwa dada. Nilichukua ndoo moja ya kila udongo. Jirani akamuuliza dada kama nina akili timamu.

Niliuanika udongo, nikautwanga, nikauchekecha kwa chujio la chai, nikauchanganya na gundi nyeupe ya mbao na maji kidogo. Mwekundu ulitii. Mweusi niliupaka kwa unene kama wa chapati, nikalala nikiwa nimeridhika; asubuhi nusu yake ilikuwa sakafuni. Ningejua kama ningemuuliza fundi yeyote wa nyumba. Udongo ule huvimba ukilowa na hunywea ukikauka, ndiyo maana kuta huko hupasuka na wajenzi huuchimba wautoe kabla ya kuweka msingi. Nikaachana na turubai, maana hunesa, nikahamia kwenye plaiwudi. Nikatia mchanga laini, nikapaka tabaka nyembamba, kila moja ikikauka kwanza. Bado ilipasuka, ila safari hii ilishika. Ile mipasuko nikaiacha. Sidhani brashi yangu ingeweza kuchora kitu kizuri kuliko hicho.

Kijivu kilinichukua muda zaidi. Usiku ule maji yalikuwa yamezoa jivu lote la jiko na kulieneza sakafuni, na hicho ndicho kitu nilichokikumbuka kuliko godoro. Nikasaga makaa, nikachanganya na rangi nyeupe ya ukutani, nikapaka ukanda mwembamba kando ya udongo mwekundu. Nikarudi nyuma hatua tatu. Ukanda ulikuwa na ubuluu! Nikausogelea: kijivu. Nikarudi nyuma: buluu.

Si uchawi. Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, alipelekewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilionekana hafifu. Akagundua kwamba rangi haikuwa na kasoro; zilizokaa jirani ndizo zilizoibadilisha machoni. Kitabu chake kilitoka 1839. Gerejini ningekuwa nacho, ningewaonyesha wateja fulani. Kwa picha yangu maana yake ilikuwa kwamba ile buluu niliyoilazimisha mwanzo ilikuja yenyewe, bila tone la buluu kwenye ubao.

Kilichobaki kilikuwa mstari. Maji yalipotoka kwa dada yaliacha alama ukutani, usawa wa kiuno changu, iliyonyooka kama imepigwa kwa rula. Nikabandika tepu ya karatasi, ile tunayofunikia vioo vya magari, nikapaka chini yake na kuacha juu peupe. Robo saa, basi.

Nilimpelekea dada ile picha kwa bodaboda, nikiwa nimeifunga kwa shuka. Akaifunua, akapitisha kidole kwenye ule mstari, akakaa kimya. Kisha akanirudishia shuka na picha yake.

"Haya maji nimeyatoa kwa beseni siku mbili," akasema. "Sasa wewe unataka niyatundike?"

Iko kwangu, nyuma ya mlango. Ule weusi bado unapasuka kidogo kidogo, hasa Januari kukiwa na jua.