Valvu Yangu Ilipanuliwa kwa Puto, Kifua Hakikufunguliwa

Eko ya moyo, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti, ilipoonyesha valvu ya mitrali (mlango kati ya chemba mbili za kushoto za moyo) imebana, nyumbani Kondele, Kisumu, kila mtu alijua maana moja tu: kupasuliwa kifua, moyo usimamishwe, mashine ishike kazi. Mama alianza kupigia jamaa simu za mchango siku hiyohiyo. Mimi pumzi zilikuwa zinakata hata nikipanda ngazi, na usiku nalala nimeegemea mito.

Muuguzi mmoja wa kliniki ndiye aliyenivuta kando: "Dada, kabla hujakubali kisu, muulize daktari kama valvu yako inafaa puto." Nikauliza. Namshukuru muuguzi huyo mpaka leo.

Daktari alinichorea kwenye karatasi. Valvu nzima hufunguka sentimita mraba 4 hadi 6. Chini ya 1.5 ni hali mbaya, na yangu ilikuwa huko. Chanzo ni homa ya rumatizimu inayofuata maambukizi ya koo utotoni: kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia moyo, na miaka ikipita vijilango vya valvu hushikana pembeni. Puto huachanisha pale paliposhikana. Ila si kila mtu anafaa. Valvu ikiwa imekakamaa kwa chokaa, au inavujisha damu nyingi, au kuna damu iliyoganda kwenye chemba ya juu kushoto, njia hiyo haifai. Kwa hiyo nilimezeshwa kipimo kinachotazama moyo kutokea kwenye umio. Hicho ndicho kilichonitesa kuliko vyote.

Siku yenyewe, Nairobi, nilikuwa macho. Ganzi ilichomwa kwenye kinena, mrija mwembamba ukapitishwa kwenye mshipa hadi upande wa kulia wa moyo, ukuta wa katikati ukatobolewa kwa sindano, na puto likajazwa ndani ya valvu kwa sekunde chache tu. Njia hii aliianzisha Mjapani Kanji Inoue mwaka 1982. Moyo ulidunda ovyo kidogo, kisha ukatulia. Usiku huo nililala chali bila kukatika pumzi. Mama alitafuta kovu kifuani, hakuliona.

Sindano ya penisilini ya benzathini bado nachomwa kila baada ya wiki chache. Inauma mno, lakini siikosi, maana ugonjwa mwingine wa koo unaweza kuirudisha homa ile na kuharibu valvu zaidi. Eko pia naendelea kupimwa, kwani valvu iliyopanuliwa huweza kubana tena.