Siku moja na mazulia ya Unguja: kazi iliyo kabla ya mashine

Saa 12:30 asubuhi. Kazi yetu ya kusafisha mazulia inaanzia uani kwetu Kiembe Samaki, penye ndoo, kikombe cha kupimia na pampu tatu za kupulizia, kila moja ikiwa imefungwa utepe wa rangi yake ili vijana wasizichanganye. Dawa ya awali, yaani ile inayonyunyizwa kwenye zulia kabla mashine ya brashi haijaligusa, huchanganywa kwa kufuata aina ya zulia linalotungoja na uchafu uliomo. Pampu ya utepe mwekundu ina dawa yenye ukali wa magadi, pH yake (kipimo cha asidi na magadi) kama 10, kwa mazulia ya nailoni na polipropilini, yaani nyuzi za plastiki, yaliyoshika mafuta. Ya kijani ni ya sufu, ambayo haivumilii magadi, na kwa hiyo dawa yake tunaiweka kati ya 5 na 8. Ya buluu ina asidi hafifu kwa madoa ya chai na kahawa.

Mteja akiniuliza kwa nini situmii mashine ya kumwaga maji mengi na kuyafyonza, humwonesha kuta za nyumba yake. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo zikishanyonya unyevu haziuachii upesi. Zulia lililoroweshwa wakati wa masika huweza kukaa siku mbili bila kukauka, likaanza kunuka, likaota ukungu upande wa chini, na kama mgongo wake ni wa juti, yaani nyuzi za magunia, rangi ya hudhurungi hupanda hadi kwenye nyuzi za juu. Kwa njia yetu ya maji machache, yaani kupuliza dawa kidogo kisha kupitisha brashi za mashine, zulia hukauka kwa saa moja au mbili. Hata hivyo, njia hii ina sharti lake: kwa kuwa hakuna maji ya kutosha kuusukuma uchafu nje, uchafu wote lazima uwe umeshaachia nyuzi kabla brashi hazijaanza kuzunguka.

Saa 2:00 asubuhi. Tuko Shangani, kwenye nyumba ndogo ya wageni ambayo gari haiwezi kuifikia, hivyo vyombo tumevisukuma kwa mkokoteni vichochoroni. Zulia la ukumbini na la ngazi ni la nailoni. Karibu saa nzima imekwenda kwenye vakyumu, mashine ya kufyonza vumbi, peke yake, na sioni kuwa ni muda uliopotea, kwa sababu sehemu kubwa ya uchafu wa zulia ni vumbi na mchanga mkavu, na mchanga ukinyunyiziwa dawa kabla haujatolewa hugeuka tope ambalo hakuna dawa itakayolimaliza. Mchanga una kingo kali, na kila mgeni anayepanda ngazi na ndara zake husaga nyuzi kidogo. Baada ya hapo nilijaribu nyuma ya mlango kama rangi ya zulia inachuja, kwa kitambaa cheupe chenye dawa, kikatoka cheupe vilevile, tukanyunyiza, tukangoja, tukapitisha mashine. Madoa mawili ya kahawa yaliondoka kwa dawa ya buluu bila ubishi.

Saa 4:30 asubuhi. Mbweni tumeitwa kwa sababu ya zulia moja tu, na hili ndilo lililonichukulia akili zaidi leo. Bibi mwenye nyumba alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo ulione. Lilikuwa doa la biriani, la manjano tu. Nikalipiga sabuni ya kipande, sasa limekuwa jekundu kama mate ya tambuu."

Nilikwisha kulijua doa kabla sijapiga magoti. Rangi ya manjano, ile bizari tunayotia kwenye mchuzi, hubadilika kuwa nyekundu inapokutana na magadi, na sabuni ya kipande ina tabia hiyohiyo ya magadi. Nilichomoa uzi mmoja ukingoni nikauchoma kwa kiberiti: ukanuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika vidoleni, maana yake ni sufu. Lingekuwa la polipropilini, uzi ungeyeyuka na kunuka mshumaa.

Kwa hiyo kulikuwa na vitu vitatu mahali pamoja, yaani mabaki ya sabuni, samli ya wali na rangi ya manjano, na kila kimoja kilitaka zamu yake. Nilianza na siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, nikaigandamizia kwa kitambaa, na wekundu ukarudi kuwa manjano mbele ya macho ya bibi, ambaye alisema "Mashallah" akidhani kazi imekwisha. Siki imeondoa ukali wa sabuni tu. Kisha nilitia dawa ya pampu ya kijani kwa ajili ya samli, nikaiacha dakika kumi, nikakausha kwa kubonyeza vitambaa vyeupe kutoka ukingo wa doa kwenda katikati, kwa maana ukisugua sufu unaisokota na doa linatanuka. Vitambaa vitatu vya kwanza vilitoka na mafuta, cha nne kikatoka na rangi peke yake.

Rangi iliyobaki haikuhitaji dawa kali. Jua huivunja rangi ya manjano, jambo ambalo kila aliyewahi kuanika kanzu yenye mchuzi analijua, basi tulilitoa zulia uani na kufunika sehemu nzima kwa shuka, tukaliacha doa tu ndilo lipigwe na jua. Nimemwomba bibi aliangalie kila baada ya muda na alirudishe ndani jioni. Nimemwomba pia, kwa heshima zote, sabuni ya kipande aibakishe kwenye nguo.

Saa 7:15 mchana. Tuko mwishoni mwa Shaaban na misikiti inasafishwa kabla ya Ramadhani. Huu wa Ng'ambo tunaufanya baina ya adhuhuri na alasiri, nafasi isiyofika saa tatu kamili, na waumini watakaporudi lazima wakute pakavu. Maalim aliuliza kwanza kama dawa ina kilevi. Nikamjibu haina, nikampa chupa asome mwenyewe.

Zulia la msikitini husomeka kwa safu. Katika kila safu kuna mstari mweusi wa nyayo, na mbele yake mstari mwembamba wa paji la uso na viganja, ambao ni jasho, mafuta ya ngozi na uturi vilivyoshika vumbi. Karibu na mlango wa kutokea penye birika la udhu ni mambo mengine kabisa, kwani miguu mibichi hubeba udongo na kuupaka. Kunyunyiza sawasawa kote ni kupoteza dawa, hivyo kijana mmoja alipita kwenye mistari ya mafuta kwa dawa nyekundu ya vuguvugu, wakati mimi nilishughulikia mlangoni.

Hapo mlangoni nilibonyeza kiganja kilicholowa na povu likapanda baina ya vidole. Aliyelisafisha zamani alitumia sabuni ya unga kwa wingi akaiacha humo, na sabuni iliyobaki hunata, ikawa ndiyo inayovuta udongo wa miguu. Wateja husema zulia linachafuka haraka siku hizi, kumbe linachafuliwa na sabuni. Mahali kama hapo kuongeza dawa ni kuongeza tatizo. Tulipuliza asidi hafifu tukainyonya kwa pedi za pamba, tukazibadilisha mpaka pedi iliposita kutoa povu.

Kisha tukangoja. Dakika kumi hadi kumi na tano za kungoja ndizo zinazowasumbua wateja kuliko bei, kwa kuwa wanaona watu wamesimama. Katika muda huo chembe za dawa, ambazo upande mmoja hushika mafuta na mwingine hushika maji, zinabandua kile ambacho brashi ingekihamisha tu. Kaskazi bado inavuma na madirisha yalikuwa wazi, kwa hiyo nilizima mafeni na kupuliza ukungu mwepesi mara moja zaidi, kwani dawa ikikauka kabla ya brashi kupita inaacha madoa yake yenyewe. Baadaye mashine ya brashi mbili zinazozunguka kinyume ilipita, mafeni yakawashwa, na muadhini alipofika palikuwa pakavu.

Saa 11:00 jioni. Pedi zinafuliwa bila kilainisho cha nguo, kwa maana kilainisho huzizuia kunyonya, na pampu zinasuuzwa. Meneja wa Shangani amepiga simu akiuliza kwa nini nimemwachia agizo la kupitisha vakyumu kesho ilhali zulia linang'aa. Nimemweleza kwamba dawa tuliyotia ina polima, kitu cha jamii ya plastiki, inayokauka ikiwa imeufunga uchafu ndani yake, na uchafu huo bado umo zuliani, hivyo vakyumu ndiyo itakayoutoa. Amekubali kuipitisha taratibu, mbele na nyuma, kabla wageni hawajashuka kunywa chai.