Yadi Moja na Mwamba wa Meriba

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Hesabu 20:2-13, ila kabla hatujalifungua naomba mnivumilie kidogo tupitie uwanjani.

Tarehe 1 Februari 2015, Glendale, Arizona. Ni Super Bowl, fainali ya ule mpira wa Kimarekani wa kubeba mkononi na kukumbana. Seattle Seahawks wako nyuma ya New England Patriots, 24 kwa 28, na mpira uko yadi moja tu kutoka kwenye mstari wa ushindi. Seattle wanaye Marshawn Lynch, mtu wa miraba minne ambaye mlinzi mmoja hamwangushi kirahisi. Uwanja mzima unajua atapewa yeye. Kocha wao, Pete Carroll, akaamua mpira urushwe. Russell Wilson akarusha, na Malcolm Butler wa Patriots, kijana wa msimu wa kwanza ambaye hakuna timu iliyomtaka siku ya kuchagua wachezaji, akachomoka akaudaka. Mchezo ukaishia hapo.

Carroll amesemwa tangu siku ile mpaka leo. Lawama alizibeba mwenyewe, hakumtupia Wilson wala wasaidizi wake.

Sasa tazameni hesabu aliyokuwa nayo kichwani. Zilibaki sekunde 26, na nafasi moja tu ya kusimamisha saa. Lynch akikimbia akazuiwa, saa inaendelea kutembea. Pasi ikianguka chini, saa inasimama yenyewe. Kurusha kwanza kulimwachia muda wa kujaribu mara tatu badala ya mbili. Isitoshe, msimu ule katika ligi nzima hakuna pasi ya kutoka yadi moja iliyokuwa imenaswa, na Lynch mwenyewe, akianzia hapo hapo, alikuwa amefunga mara 1 kati ya 5. Mimi bado ningempa Lynch, na hapo hamtanibadilisha. Lakini kusema Carroll alikuwa mjinga, hapana.

Na upande wa pili je? Lynch alipoangushwa pale kwenye yadi moja, ilikuwa imebaki kama dakika nzima. Wengi walitegemea Bill Belichick, kocha wa Patriots, asimamishe saa, ili Seattle wakifunga, mrushaji wake Tom Brady apate muda wa kujibu. Nafasi za kusimamisha alikuwa nazo. Akasimama pembeni, kimya, sekunde zikayoyoma huku anatazama. Pasi ile ingefika, tungekuwa tunamcheka yeye hadi leo. Kwa kuwa Butler alidaka, ukimya ule unaitwa busara.

Twende Meriba. Mungu alimwambia Musa auambie mwamba utoe maji. Musa, kwa hasira, akaupiga kwa fimbo mara mbili. Na maji yakatoka, tena mengi, watu wakanywa pamoja na mifugo yao. Wewe uliyekuwa na kiu siku ile ungesema Musa amekosea? Sisi tungemwita Jumapili atoe ushuhuda. Mungu hakuyahesabu yale maji. Aliwaambia Musa na Haruni kwamba hawakumwamini wala kumstahi mbele ya wana wa Israeli, na kwamba nchi ile hawatawaingiza. Maji aliyatoa kwa sababu watu walikuwa na kiu na yeye ni mwenye rehema, wala haikuwa muhuri juu ya ile fimbo.

Hapa ndipo panaponisumbua kuhusu makusanyiko yetu. Ndugu anachukua mkopo mkewe hajui, biashara inashika, tunampa maikrofoni. Dada anaomba, anakaa na mumewe, wanapiga hesabu kwenye daftari usiku kucha, duka linakufa kabla ya mwaka kuisha, nasi tunanong'ona kwamba hakumsikiliza Mungu. Msibani ndiyo mbaya zaidi. "Wangemuwahisha hospitali ya mkoa." Mama mfiwa yuko hapo hapo kwenye mkeka, kanga kichwani, anasikia kila neno. Saa nane usiku alimpakia mtoto kwenye bodaboda akakimbilia zahanati, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa na taa inayowaka. Aliyesema hayo alikuwa amelala.

Bwana Yesu aliulizia habari za wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu: mwadhani walikuwa wakosaji kuliko wengine wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, sivyo (Luka 13:4-5). Someni na hiyo pia kabla ya Jumapili.

Tuombe. Baba, wapo kati yetu waliofanya sawa na bado wamepoteza. Uwafariji, na utufunge midomo tukiwa karibu nao. Na sisi tunaokunywa maji ya mwamba tulioupiga, tuambie mapema. Amina.