Uso Kwanza: Kuyazoea Maji Ukiwa Mtu Mzima

Ile njia ya "mtupe, atajua mwenyewe" ina mashabiki wengi, hasa kaka wakubwa. Tatizo lake ni kwamba aliyetupwa hujifunza jambo moja tu: kwamba maji ni mahali pa kutapatapa, na aliyenusurika amenusurika kwa bahati. Kuikabili hofu ya maji uso kwa uso ni kitu kingine kabisa, na hapa maneno hayo yachukuliwe yalivyo. Uso ndio unaotangulia, miguu ifuate.

Beseni linatosha kwa wiki ya kwanza. Jaza maji ya vuguvugu kina cha sentimita 15 hivi, uliweke mezani usiumie mgongo. Vuta hewa kwa mdomo, zamisha uso mpaka karibu na masikio, kisha toa hewa puani taratibu huku ukiguna "mmm". Mguno huo una kazi: maadamu hewa inatoka puani, maji hayapati njia ya kupanda. Sekunde 3, inua, vuta tena kwa mdomo. Ukiweza mara 10 mfululizo, nenda sekunde 5, halafu 10. Usijifute uso katikati. Kila ukijifuta unauambia mwili kwamba maji usoni ni ajali, na hapo ndipo wengi hukwama. Miwani ya kuogelea ruksa. Kuziba pua kwa vidole hapana, mikono utaihitaji.

Kosa linaloharibu kila kitu ni kubana pumzi. Ukibana, hewa ukaa hurundikana kwenye damu, na hiyo ndiyo inayoleta ile kiu kali ya kupumua, mara nyingi oksijeni ikiwa bado ipo ya kutosha. Ukiinua kichwa sasa una kazi mbili kwa nusu sekunde, kutoa na kuvuta, na moja haitakamilika. Ndipo unapomeza maji na kuapa hurudi tena. Toa ndani, vuta nje. Na usihemeheme haraka haraka kabla ya kuzama ili ukae zaidi: hewa ukaa inashuka mno, ile kiu ya kukuonya haiji, na mtu anaweza kuzimia chini ya maji bila dalili. Hilo huua hata waogeleaji hodari.

Bwawani, simama maji yakiwa kati ya kitovu na kifua, mwalimu akiwa karibu kiasi cha kukushika. Dakika ya kwanza kifua kitabana. Ni maji yanakandamiza mbavu, kila mtu huyasikia, ila mwenye hofu huyatafsiri vibaya. Ipe hofu yako alama, 0 hadi 10, na useme wazi unachotabiri: "nikiinua miguu nitazama." Kisha kijaribu hicho hicho. Kama alama imepanda hadi 8, usitoke nje papo hapo. Simama, pumua, subiri ishuke hata kidogo ndipo utoke. Ukikimbia ikiwa kileleni, mwili unaamini kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa.

Kabla ya kuelea, jifunze kusimama. Walimu wengi huliruka hili, na ni kosa kubwa, kwa sababu kinachomtisha mtu ni kutojua atarudije kwa miguu yake. Ukiwa kifudifudi: vuta magoti kifuani, sukuma maji chini kwa viganja, inua kichwa, ndipo ushushe nyayo. Ukianza na kichwa, miguu inabaki nyuma na uso unarudi majini. Rudia mara 20 ukishika ukingo, kisha mara 20 bila ukingo.

Sasa utabiri wako uwekwe mezani. Jaza mapafu, kumbatia magoti, jaribu kukaa sakafuni. Wengi hawawezi, maji huwarudisha juu mgongo ukitangulia. Wembamba wenye misuli huenda wakashuka polepole, na hilo si ugonjwa. Kuelea chali ni kugumu zaidi, kwa kuwa masikio yakizama sauti hubadilika na watu huinua kichwa kutazama vidole vya miguu. Kichwa kikipanda, nyonga hushuka. Tazama juu, nyoosha mikono nyuma ya kichwa ili kusawazisha uzito wa miguu, mwalimu akuwekee kiganja chini ya mabega, kisha vidole viwili, kisha asiweke kitu.

Wahenga wanasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Hapa tuwaombe radhi: ukiyavulia ukaishia magotini leo, sawa tu, ilimradi urudi keshokutwa. Nusu saa mara tatu kwa wiki inashinda saa mbili za Jumamosi. Maboya ya mikononi yaache mapema, maana sifa zote zitakwenda kwa boya. Mwenye kifafa, pumu au moyo aanze kwa daktari.

Maji marefu yaje mwisho, kando ya ukingo, mwokoaji akiwepo: sukuma mita 1, rudi, mita 2, rudi. Bahari nayo itakubeba vizuri kuliko bwawa kwa sababu ya chumvi, lakini ina mambo yake. Siku za bamvua, mwezi mchanga au mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa Dar es Salaam au Mombasa hupita mita 3, na maji yakipwa hutoka kwa nguvu kwenye milango, yale mapengo ya miamba. Chagua maji mafu, yaani siku ambazo tofauti hiyo ni ndogo, kama siku 7 hadi 9 baada ya hapo, ingia bahari ikikaribia kujaa, mbali na mlango, na uogelee sambamba na ufuo mahali unapofika chini, usielekee nje. Mwenzako awe majini nawe, siyo mchangani na simu.