Mashine ya moshi au ya ukungu mwepesi?

Kama unachotaka ni miale ya taa ionekane hewani onyesho zima, usinunue mashine ya moshi. Chukua ya ukungu mwepesi: hutoa kidogo kidogo mfululizo, feni husambaza, na wacheza dansi bado wanaonana. Ya moshi hutoa wingu zito, kisha nyingi hunyamaza zikipasha joto upya. Inafaa kwa kishindo cha sekunde chache, msanii anapoingia jukwaani, basi.

Wati nyingi zisikudanganye. Uliza inachukua dakika ngapi kupata joto, inatoa kwa sekunde ngapi kabla ya kupumzika, na kama kiasi kinarekebishika.

Maji yake, yaani kimiminika maalumu cha kutengenezea moshi au ukungu, yawe yaleyale aliyotaja mtengenezaji. Ukichanganya aina, joto halilingani: ama yanaungua na kuziba kijibomba cha ndani, ama mashine inatema matone na sakafu inateleza. Tangi likikauka, pampu ndiyo huumia.

Ving'amuzi vya moshi ukumbini vinaweza kulia hata kwa ukungu mwepesi. Ongea na msimamizi wa jengo mapema. Akivizima, awepo mtu wa kuangalia moto mpaka viwashwe tena.